Kwa Mnaoingia Wodi Mwaka Huu

Ukishamaliza anatomia na kuanza kuzunguka kati ya vitanda vya Kisumu, kitakachokushtua kwanza si damu. Ni kuitwa daktari. Mama aliyelazwa na mwanawe hajui kuwa wewe ni mwanafunzi. Ameona koti jeupe, basi. Atakuuliza kama mtoto atapona, nawe hata glavu zinakowekwa hujapaonyeshwa.

Mnakuja na huruma tele, na hilo ni jema. Ila mjue kwamba huruma hiyo ina msimu wake wa kupukutika. Huko Philadelphia, Mohammadreza Hojat na wenzake waliwafuatilia wanafunzi wa udaktari, na mwaka 2009 wakachapisha waliyoyaona: uwezo wa kuhisi hali ya mgonjwa ulishuka sana mwaka wa tatu, ambao kwao ndio wa kuanza kazi ya wodi. Yaani walipowafikia wagonjwa waliokuwa wakiwasomea, ndipo walipoanza kuwa wagumu.

Sikushangaa niliposoma hayo. Kanda hii ya ziwa ina watoto wengi wenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, na maumivu yake yakipanda utayajua hata kabla hujasoma faili: mtoto amejikunja, hataki hata shuka limguse, nyanya yake anamsugua mgongo akimbembeleza kwa Kijaluo. Utatoka hapo, ufike hosteli, na bado unamsikia. Baada ya wiki kadhaa za hivyo, mwanafunzi aliyekuwa akilengwalengwa na machozi anaanza kusema "ile selimundu ya kitanda cha nne". Si kwamba amekuwa mtu mbaya. Amejitafutia pa kujificha.

Pana njia nyingine. Tania Singer na Olga Klimecki, watafiti wa ubongo, wameonyesha kwamba kuumia pamoja na mgonjwa na kumtakia nafuu ni vitu viwili, na kila kimoja huamsha sehemu zake za ubongo. Cha kwanza kikizidi kinakumaliza. Cha pili hufunzwa kwa kutafakari, na kinakuacha na nguvu za kurudi kitandani.

Najua mtasema muda wa kutafakari hakuna. Upo. Dawa ya kusafishia mikono inatakiwa isuguliwe sekunde 20 hadi 30 kabla ya kumgusa mgonjwa. Sekunde hizo utazitumia tu, upende usipende. Basi zitumie hivi: vuta pumzi kwa pua, itoe polepole, ndefu kuliko ulivyoivuta, kwa sababu kutoa pumzi ndiko kunakopunguza mapigo ya moyo. Soma jina kwenye faili, si namba ya kitanda. Mtakie nafuu kimoyomoyo kwa jina hilo. Kisha sogea. Siku za mwanzo utajiona kama unaigiza, endelea tu.

Wako watakaonong'ona kwamba hayo ni mambo ya dini za watu. Mafunzo ya kutafakari ya wiki 8 aliyoyaanzisha Jon Kabat-Zinn kwenye chuo cha udaktari huko Massachusetts mwaka 1979 hayamdai mtu dini yoyote. Na kama wewe ni wa rozari au tasbihi, pumua nayo, hakuna atakayekukataza.

Lakini msidanganywe. Pumzi haifidii usingizi, haileti mkopo wa masomo uliochelewa, wala haimnyamazishi daktari bingwa anayemfokea mwanafunzi mbele ya wagonjwa. Mtu akikwambia ukatafakari wakati unachohitaji ni kupumzishwa zamu, huyo amekutupia mzigo wake. Kaeni wawili watatu mnaoambiana ukweli. Jumapili jioni shukeni Dunga, kando ya ziwa, mle samaki, na anayetaja mtihani alipe bili. Wauguzi wa usiku nao muwaheshimu: wameona mengi, na wengi watakufundisha bila kukuaibisha.

Ukiona wiki zinapita hulali, chakula hakipiti, au unawaza kujidhuru, usingoje mitihani iishe. Nenda kwa mshauri wa wanafunzi au kliniki ya afya ya akili, na kama unaogopa kwenda peke yako, mwombe mwenzako akusindikize. Wengi hukaa kimya wakihofia kwamba walimu watajua. Anayekutibu amefungwa na siri ileile unayofundishwa kumtunzia mgonjwa wako.