Ushauri kwa anayekwenda kuwasemea wasajili wa vikoa kwenye meza ya sera

Karibu kila pendekezo linalotolewa katika mijadala ya sera za majina ya vikoa, yaani anwani za mtandao kama zile zinazoishia na .com, huishia mezani kwa wasajili, kampuni zinazowasajilia wateja majina hayo, ili walitekeleze, ilhali waliomo ukumbini ambao wanajua msajili hufanya nini hasa kutwa nzima ni wachache. Nimewawakilisha wasajili kwa muda wa kutosha kuamini kwamba kazi hii haidai msemaji hodari. Inadai mtu anayelijua dawati la huduma kwa wateja na dawati la malalamiko, na anayeweza kulipitisha kila pendekezo kwenye maswali yaleyale: nani atafanya nini, akiwa na taarifa zipi, ndani ya muda gani, na ikitokea kosa ataumia nani?

Kabla ya kufungua mdomo, soma mkataba. Tangu ICANN, shirika linaloratibu mfumo wa majina ya vikoa duniani, ilipoanzishwa mwaka 1998, sera za vikoa vya jumla kama .com na .org zimekuwa zikiwafikia wasajili kwa njia ya mkataba wa ithibati, yaani ule ambao ICANN humruhusu msajili kufanya kazi hiyo, na toleo linalotumika sasa lina asili yake mwaka 2013. Sera hizo hutungwa chini ya baraza la GNSO, chombo cha ICANN cha sera za vikoa vya jumla, lenye nyumba mbili: moja ni ya walio na mikataba na ICANN, yaani wasajili na waendeshaji wa rejista (wanaotunza orodha kuu ya majina yote chini ya .com, .org na kadhalika), na nyingine ni ya wasio nayo, wakiwamo wafanyabiashara, wanasheria wa alama za biashara na asasi zisizo za kibiashara. Wasajili wana viti vitatu tu. Pendekezo likipata theluthi mbili za kura katika kila nyumba, au robo tatu katika nyumba moja na kura nyingi za nyingine, Bodi ya ICANN haiwezi kuliangusha ila zaidi ya theluthi mbili ya wajumbe wake waone kwamba halina maslahi kwa ICANN na jumuiya yake. Likishapita, linamfunga kila msajili mwenye ithibati, hata yule aliyelipinga tangu siku ya kwanza. Mkataba huohuo, hata hivyo, unataja mambo ambayo sera inaruhusiwa kuyagusa na yale isiyoruhusiwa; bei anayotoza msajili kwa huduma zake, kwa mfano, haiwezi kupangwa na sera. Mtu asiyeujua mpaka huo atapoteza nguvu kupinga lisilowezekana, na linalowezekana litapita akitazama.

Jambo litakalokurudia mara nyingi kuliko yote ni matumizi mabaya ya vikoa, nalo ndilo linaloonyesha vizuri ninachomaanisha ninapotaja dawati la malalamiko. Watu wengi wenye nia njema hudhani kwamba msajili anaweza kufuta ukurasa wa wavuti. Hawezi. Kurasa zimo kwenye seva, na mara nyingi seva hiyo ni ya kampuni nyingine kabisa. Alicho nacho msajili ni uwezo wa kukisimamisha kikoa chote, na kikisimamishwa kinaondoka kwenye mfumo wa majina pamoja na kila kinachokitegemea.

Niliwahi kukaa kwenye kikundi kazi ambamo mjumbe mmoja alikuwa akisisitiza kwamba kila taarifa ya ulaghai ijibiwe kwa kusimamisha kikoa ndani ya saa chache. Badala ya kumjibu kwa hoja za kisheria, nilieleza lalamiko la aina inayofika mezani kila mara: tovuti ya zahanati imedukuliwa, mdukuzi amepachika ukurasa mmoja bandia wa kuiba nywila za benki ndani ya folda ambayo wenyewe hawajui kama ipo. Kikoa kikisimamishwa, ukurasa ule hauonekani tena, lakini barua pepe za wafanyakazi wote zinakatika, wagonjwa hawawezi kupanga miadi, na faili la mdukuzi linabaki palepale kwenye seva, likisubiri kikoa kirudi. Aliyekuwa akidai saa chache ndiye aliyeuliza swali lililofuata: mwenye seva anapatikanaje haraka? Kuanzia hapo mjadala ukawa na maana, kwa kuwa tulianza kutenganisha kikoa kilichosajiliwa kwa nia ya uhalifu na kikoa cha mtu aliyeingiliwa.

Tofauti hiyo ndiyo iliyo nyuma ya marekebisho ya mkataba yaliyoanza kutumika tarehe 5 Aprili 2024. Yanataja aina za matumizi mabaya yanayohusika: programu hasidi, mitandao ya kompyuta zilizotekwa, hadaa ya kuiba taarifa, kuwaelekeza watumiaji kwa siri kwenye tovuti bandia, na barua taka pale tu zinapotumika kusambaza hayo mengine. Msajili mwenye ushahidi unaotosha kuchukuliwa hatua analazimika kuchukua hatua inayofaa, lakini hatua gani hasa, mkataba unamwachia apime. Ninawaomba wanaoanza kazi hii wazingatie pia jinsi marekebisho hayo yalivyoanza: wasajili na waendeshaji wa rejista ndio waliokwenda ICANN mwaka 2022 kuomba mazungumzo yafunguliwe. Hawakungoja kuandikiwa. Ukienda mkutanoni ukiwa na sentensi iliyokwisha kuandikwa, hata kama haijakamilika, wenzako watatumia muda wao kuirekebisha sentensi yako. Ukienda na pingamizi tupu, watatumia muda huohuo kukuzunguka.

Usidhani, hata hivyo, kwamba unaowasemea wana sauti moja. Wapo wanaouza kwa rejareja kwa mamilioni ya wateja, wanaouza kupitia mawakala bila kumwona mwenye kikoa, wanaohudumia kampuni kubwa zenye alama za biashara, na wanaoishi kwa kuviwahi vikoa vilivyoisha muda. Mgawanyiko huo ulionekana wazi zama za kuonja vikoa, pale baadhi ya watu walipotumia siku tano za neema baada ya usajili kuchukua vikoa kwa wingi mkubwa, kuvipima kama vinaleta pesa ya matangazo, kisha kuvirudisha na kurejeshewa fedha zote. Wasajili wengine walikuwa na faida katika mchezo huo, wengine waliuchukia. Ada zilipoacha kurejeshwa kwa wanaopita kiwango, mwaka 2008 na 2009, urejeshaji huo ulishuka kwa zaidi ya asilimia 99. Mwakilishi wa kundi katika hali kama hiyo hana budi kusema waziwazi kwamba kundi limegawanyika na kwa sababu gani. Akijifanya ana msimamo mmoja, mjumbe yeyote mwenye marafiki miongoni mwa wasajili atamuumbua kabla ya chai. Kwa hiyo omba maelekezo ya maandishi, na unapotoa maoni ya kampuni yako tangaza kwamba umevua kofia ya kundi.

Kuhusu taarifa za wenye vikoa, nitasema kifupi ingawa mjadala wenyewe si mfupi. Sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi ilianza kutumika tarehe 25 Mei 2018, na ICANN ikapitisha kanuni ya muda ya kuzificha taarifa hizo zisionekane hadharani siku nane tu kabla yake. Polisi na wanasheria wa alama za biashara, waliozoea kusoma jina na anwani ya kila mwenye kikoa, ghafla walikuta pengo, na msajili akajikuta kati: akitoa taarifa asizopaswa kutoa, faini inaweza kufika asilimia 4 ya mapato ya mwaka ya dunia nzima, akikataa, anaambiwa anawaficha wahalifu. Ushauri wangu ni kuwasikiliza polisi kwanza, tena nje ya kikao rasmi. Wengi wao wana shida halisi, na mara nyingi wanachokihitaji ni kidogo kuliko wanachodai wakiwa kwenye kipaza sauti.

Vikundi kazi huamua kwa mwafaka, na mwenyekiti ndiye anayepima umefika kiwango gani, kutoka kukubaliana kabisa hadi kutofautiana kabisa. Pingamizi linalotolewa wiki ya mwisho huonekana kama hila. Litoe mapema, lieleze kwa gharama na hatua za kazi, kisha litamke jambo ambalo ungeweza kulivumilia. Jukwaa la Usimamizi wa Intaneti la Umoja wa Mataifa, lililokutana kwa mara ya kwanza Athens mwaka 2006, lina tabia tofauti: halipitishi sera yoyote, hivyo nenda huko kufahamiana na watu wa serikali ambao kesho wataandika sheria za nchi zao, na usipoteze nguvu kushinda hoja.

Wawakilishi wengi huondoka siku sera inapopitishwa, nami naona ndipo wanapohitajika zaidi. Mapendekezo ya kwanza kuhusu taarifa za usajili yalikamilika mwaka 2019, lakini sera iliyotokana nayo ilianza kutumika tarehe 21 Agosti 2025. Katika miaka hiyo ya utekelezaji, timu inayogeuza mapendekezo kuwa masharti hukutana na maneno ambayo waliokuwapo walielewana maana yake bila kuyafafanua, na waliokuwapo wamekwisha kubadili kazi. Andika sababu ya kila neno ulilolipigania, liwekwe kwenye kumbukumbu za kundi pamoja na jina la sehemu ya ripoti lilipo, na uhakikishe mtu mmoja wa dawati la malalamiko anaingia kwenye timu hiyo tangu kikao chake cha kwanza.