Mnauliza, Tunajibu: Maharage Jikoni

Swali: Mkaa umepanda bei, kwa hiyo maharage mekundu nayachemsha dakika chache tu, kisha nafunika sufuria ndani ya kapu la kutunza joto hadi jioni. Juzi yalikuwa na kiini kigumu, na wote tuliokula tulitapika. Yalikuwa na sumu?
*Mama wa watatu, Morogoro*

Jibu: Poleni sana, dada. Inaelekea ni lektini, protini iliyomo katika kila punje mbichi ya maharage mekundu, hata yawe mapya na safi. Hung'ang'ania ukuta wa utumbo, na punje nne au tano mbichi zinatosha kumtapisha mtu ndani ya saa 1 hadi 3. Mchemko mkali huivunja. Joto la nyuzi 80 haliivunji. Linaweza hata kuiongezea ukali mara tano, na joto la kapu hushukia huko huko.

Kapu lako ni zuri, usiliache. Loweka maharage usiku kucha, au angalau saa 5, maji yakiwa mara tatu ya maharage. Mwaga maji hayo, suuza, tia mapya, yatokote kwa nguvu dakika 30. Hapo ndipo uyahamishie kapuni. Jioni bonyeza punje kadhaa kwa vidole. Ukikuta kiini kigumu, rudisha motoni yatokote tena. Maharage yaliyokaa sana ghalani kwenye joto na unyevu hugoma kuiva, basi nunua ya msimu huu ukiyapata. Choroko na kunde zina lektini pungufu kuliko maharage mekundu, na huiva upesi.

Swali: Nina mimba ya miezi mitano. Nakula maharage kila siku na kushushia chai ya rangi, lakini kliniki wanasema wekundu wa damu haupandi. Kwa nini?
*Msomaji, Tanga*

Jibu: Chai hiyo ndiyo ya kwanza kuiangalia. Gramu 100 za maharage yaliyoiva zina miligramu 2 hivi za madini ya chuma, na sehemu kubwa imeshikwa na faiteti, akiba ya fosforasi ya mbegu. Tanini ya chai hushika nyingine, hadi zaidi ya nusu ya kile ambacho mwili ungenyonya. Subiri saa nzima baada ya kula ndipo unywe. Pamoja na maharage kula pera, chungwa au kachumbari mbichi, na ndimu ikamulie kwenye sahani, si kwenye sufuria, maana moto huua vitamini C. Vidonge vya kliniki usiviache hata siku moja: mjamzito anahitaji miligramu 27 za chuma kwa siku, na maharage peke yake hayafiki huko.

Swali: Je, magadi hupunguza gesi?
*Mstaafu, Mombasa*

Jibu: Mzee wetu, magadi hulainisha ganda, lakini huharibu vitamini B1 na kuongeza sodiamu, kwa hiyo mwenye presha asiyatumie. Gesi hutokana na sukari za rafinosi na stakiosi, ambazo bakteria wa utumbo mpana huzichachusha. Kumwaga maji ya kulowekea huondoa sehemu yake. Anza na nusu kikombe, ongeza polepole kwa wiki kadhaa; tumbo huzoea. Inafaa kuvumilia, kwani gramu 130 za maharage yaliyoiva kila siku hushusha kolesteroli mbaya kwa asilimia 5 hivi.