Tanga na watoto wachaguzi wa chakula

Dada, umeuliza utawalishaje watoto watatu Tanga likizo hii bila kumaliza pesa, wakati mmoja anataka chipsi tu na mdogo hataki hata harufu ya samaki. Inawezekana kabisa.

Shikilia mlo wa asubuhi. Eneo la Ngamiani, hapo mjini Tanga, utapata chapati, maandazi na vitumbua vya moto kwa mama lishe, na maziwa au mtindi hayakosekani mji huu. Wakishiba hapo, mchana hawatakusumbua sana.

Siku ya mapango ya Amboni, kama kilomita 8 kutoka mjini, beba chakula chako: mayai ya kuchemsha, viazi na machungwa ya Muheza. Ukitegemea kununua njiani utalipia soda na biskuti, na njaa itabaki palepale.

Jioni nenda kwenye urojo, ule mchuzi mzito wenye bajia, kachori na viazi ndani yake. Kwa mtoto mchaguzi, mwambie muuzaji aweke rojo pembeni, asimwagie chatine wala pilipili. Hapo mtoto anaona bajia, kachori na kipande cha kiazi kila kimoja peke yake, na anachagua mwenyewe. Mara nyingi huyohuyo ndiye anayeanza kuchovya.

Wa chipsi mpe chipsi mayai, ila sahani moja wagawane. Mdogo usimlazimishe samaki, tafadhali. Wali na maharage ya nazi vinamtosha. Uliza bei kabla hamjakaa. Maji nunua dumu kubwa dukani, mjaze chupa zao kila mnapotoka.