Doria za Gyöngyöspata

Wapo wanaodhani kwamba kupigwa marufuku mwaka 2009 kwa Magyar Gárda, kundi la wanamgambo wa mrengo mkali wa kulia, kulimaliza doria dhidi ya Waroma (jamii ya wachache, si watu wa Roma) vijijini Hungaria. Hapana, hakukuzimaliza. Machi 2011 wanamgambo wenye sare walizunguka kijiji cha Gyöngyöspata wiki kadhaa, eti wanazuia "uhalifu wa Waroma". Chama cha Jobbik, wakati huo cha mrengo mkali wa kulia, kiliandamana hapohapo, na Julai mwaka huohuo mgombea wake akashinda umeya. Ila msiwatupie Jobbik lawama zote. Shule ya kijiji ilikuwa ikiwatenga watoto wa Kiroma kwa miaka: wao madarasa ya sakafu ya chini, wenzao ghorofani. Mahakama ya Juu ilithibitisha fidia yao Mei 2020, ingawa waziri mkuu wa wakati huo, Viktor Orbán, ambaye si wa Jobbik, alikuwa ameipinga hadharani.