Jipe pole kwanza

Mwaka juzi binti wa kaka yangu, ninayekaa naye hapa Dar, alirudi na matokeo ya moko ya kidato cha nne. Hesabu kapata 23, yaani F, maana D inaanzia 30. Hakulia. Alikaa jikoni anajisemea tu, "Mimi kilaza. Mimi kilaza." Na mimi shangazi mtu, badala ya kumsikiliza, nikamtajia binti wa jirani aliyepata B. Mdomo huu!

Jioni nikampa sinia la mchele achambue. Si kwa hekima yoyote, wageni walikuwa njiani. Nikaketi naye, nikaona mabega yanashuka. Chuya, kijiwe, chuya. Mchele hautaki uwaze mitihani ya Novemba. Ukihamisha mawazo, kijiwe kinaishia mdomoni mwa mgeni. Tukaongeza pumzi: vuta ukihesabu hadi nne, toa taratibu hadi sita. Ule utoaji wa taratibu ndio unaopunguza mbio za moyo. Kufumba macho si lazima, wengine wakifumba ndipo mawazo yanapowavamia.

Kazi ilikuwa kwenye maneno. Nikamuuliza, "Angekuwa rafiki yako ndiye kapata 23, ungemwambiaje?"

"Ningemwambia pole, zile logarithimu zilitutesa wote."

"Haya, sema hivyo hivyo, ila taja jina lako."

Akacheka kwa aibu. Akasema.

Pole tunampa hata mtu tusiyemjua aliyejikwaa stendi, ila tukijikwaa wenyewe tunajitukana. Kristin Neff, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Texas, Marekani, aliyechapisha kipimo cha huruma kwa nafsi mwaka 2003, anataja mambo matatu: kujisemesha kwa upole, kukumbuka kwamba kushindwa si kwako peke yako, na kuyatazama maumivu bila kuyakuza wala kuyakana. Mawili ya kwanza yalikuwamo kwenye jibu la binti. La tatu tulikuwa tumeshalianza kwenye sinia.

Ila kama binti halali wala hali, au anasema bora afe, hapo usimpe mchele. Mpeleke hospitali, au pigeni 116, simu ya bure ya watoto, iko Tanzania na Kenya.

Najua wazazi mnaogopa atadeka. Wangu daftari la hesabu alikuwa analikwepa wiki nzima, kalisukumia chini ya godoro. Siku mbili baada ya ule mchele nilimkuta kalitoa mwenyewe, yuko kwenye logarithimu.