Usimhamishe Swalehe

Mwanangu Zaina,

Salamu kutoka Walukuba. Juzi kwenye simu uliniuliza kama umhamishe Swalehe, maana nasari yake inawaachia watoto uwanjani karibu asubuhi nzima, na mtoto wa jirani yako, wa rika lake, anarudi kila siku na daftari limejaa.

Usimhamishe.

Nimefundisha darasa la kwanza miaka mingi. Wengi niliowaona wakihangaika na penseli hawakuwa wavivu, walikuwa hawajapata nguvu. Mtoto huandika kwa mwili mzima: mgongo umkalishe wima, bega litulie, ndipo vidole viweze kuzungusha herufi. Na mtoto wa miaka 4 sehemu kubwa ya kifundo cha mkono wake bado ni gegedu, haijawa mfupa. Ukimjazisha kurasa unamtesa bure. Mwache apande mwembe, avute kamba, akamue matambara mkifua. Mimi naupenda zaidi mdako: kijiwe kinarushwa juu, vingine vinaokotwa, kile cha kwanza kinadakwa kabla hakijaanguka. Jicho linaongoza, vidole vinafuata, na kuandika ni hivyohivyo.

Halafu masikio. Unakumbuka wewe na dada yako mlivyokuwa mkipiga makofi hapa barazani, kila kofi na silabi yake? Mtoto akipiga Swa-le-he ameshasikia kwamba neno lina vipande, na kusoma Kiswahili ni kuviunga vipande hivyo. Hata kwepena ina kazi yake. Herufi b na d zinatofautiana upande tu, na anayekwepa mpira huku na huku anazizoea pande kwa mwili wake kwanza.

Shirika la Afya Duniani lenyewe, mwaka 2019, lilishauri watoto wa miaka 3 na 4 wapate dakika 180 za kuchangamsha mwili kila siku, angalau 60 ziwe za kukimbia na kuruka hasa. Kwa hiyo asubuhi ile haipotei.

Lakini uwanja peke yake hautamfundisha kusoma. Muulize mwalimu wake kama wanasomewa hadithi na kuimba herufi wakirudi ndani. Nawe jioni msomee, hata kurasa mbili, kidole chako kikifuata maneno.

Shule zikifungwa mlete. Baba yako ameshamfungia mpira wa maganda ya migomba.

Mama yako