Jibu: Bruchi ya taji ya Trifari, ni ya miaka ya 1940 kweli?

Salaam ndugu. Umeuliza kama bruchi yako ya taji, yaani pambo la kubandika kwenye nguo kwa pini, lenye umbo la taji na jina la Trifari, kampuni ya mapambo ya Marekani, mgongoni, ni ya miaka ya 1940 kama anavyodai muuzaji. Kabla ya kutazama mawe, igeuze, kisha kwa lenzi ya kukuzia utafute herufi C ndani ya duara karibu na jina hilo. Ikiwepo, dai lake halisimami, kwa sababu alama hiyo ilianza kugongwa katikati ya miaka ya 1950, wakati mahakama ya New York ilipokubali, mwaka 1955, katika kesi ya Trifari dhidi ya kampuni ya Charel, kwamba mapambo ya aina hii yanaweza kulindwa kwa hakimiliki.

Bruchi hizo za taji, kazi nzuri mno ya Alfred Philippe, mbunifu wa Trifari, zilitolewa upya baadaye, hivyo umbo peke yake lisikushawishi. Yangu ya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ina neno Sterling, alama ya madini ya fedha, dogo na lililofifia kando ya pini, kwani metali za kawaida zilielekezwa kwenye silaha na watengenezaji wakageukia madini hayo.

Usiioshe kwa maji: yakipenya nyuma ya mawe, yatayatia weusi. Bei siwezi kuikadiria bila picha ya mgongo.